Kukomea Msumari Usiouona

Mtu akivunjika paja, kwa nje anaonekana amelala tu. Ndani ni vuta nikuvute. Misuli ya paja ni minene na ina nguvu. Ikishapoteza mfupa uliokuwa ukiizuia, hujikunja na kuvipandisha vipande viwili kimoja juu ya kingine, na mguu unakuwa mfupi papo hapo. Damu inayovujia ndani ya nyama inaweza kufika lita moja na nusu bila tone moja kuanguka sakafuni. Ndiyo maana kijana aliyegongwa akiwa kwenye bodaboda anaweza kufika hospitali akiwa amepauka na ngozi ya paja haina hata mchubuko.

Tuyaweke maneno sawa kabla hatujaingia chumba cha upasuaji, maana nyumbani tunayachanganya. Kinachovunjika ni mfupa. Kinachoteguka ni kiungo, pale mfupa unapotoka mahali pake. Kinachoshtuka ni kano zinazokishika kiungo hicho. Mvunjiko ambao ngozi imepasuka juu yake huitwa mvunjiko wazi, na huo una haraka yake, kwa sababu uchafu umeshapata njia ya kuufikia mfupa.

Kazi ya mpasuaji wa mifupa juu ya mvunjiko ni ya hatua tatu: kuurudisha mfupa kwenye mstari wake, kuushikilia hapo mpaka uunge, na kuvichezesha viungo vya jirani visikakamae. Mfupa wenyewe ndio unaojiunga. Daktari anaulindia nafasi tu. Lugha yetu iliona hilo zamani, maana kuganga ni kuunga kilichovunjika, na gango ni kile kinachokishikilia kisiachane.

Kwenye mkono au chini ya goti, mara nyingi plasta ngumu inatosha. Kwenye paja la mtu mzima haitoshi, kwa kuwa nyama ni nyingi na misuli inaendelea kuvuta ndani ya plasta. Njia ya zamani ni kushindana nayo kwa uzito: pini ya chuma inapitishwa kwenye muundi, chini kidogo ya goti, inafungwa kamba, kamba inapita juu ya kapi, na mwishoni mwake kunaning'inia uzito. Mgonjwa analala hivyo kwa wiki nyingi. Mjomba wangu alilala wiki tisa. Mfupa uliunga, lakini uliunga ukiwa umepandiana, goti nalo likakauka likiwa limenyooka. Hatua ya pili ilifanyika nusu, na ya tatu haikufanyika kabisa.

Novemba 1939, mjini Kiel, Ujerumani, Gerhard Küntscher alijaribu kingine. Mfupa mrefu ni kama mwanzi, una uwazi katikati unaobeba uboho. Akapitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi huo, kutoka kipande cha juu hadi cha chini. Mzigo ukawa unabebwa katikati ya mfupa, na mgonjwa akaweza kusimama mapema. Wanajeshi wa Marekani walioshikwa mateka vitani waliporudi kwao wakiwa na vyuma hivyo mapajani, madaktari wa huko walistaajabu.

Msumari mtupu, hata hivyo, una udhaifu unaoeleweka na yeyote aliyewahi kuchomeka fimbo ndani ya mwanzi. Mwanzi unaweza kuzunguka juu ya fimbo, na unaweza kuteleza. Mfupa ukiwa umesagika vipande vipande, mguu utapinda kidole kikaangalia pembeni, au utafupika tena. Dawa yake ni komeo: skrubu inayopita ukuta mmoja wa mfupa, ikaingia tundu la msumari, ikatokea ukuta wa pili. Moja juu, moja chini, na mlango umefungwa.

Lakini utalipataje tundu usiloliona, ndani ya mfupa ulio ndani ya nyama? Hospitali zenye uwezo huwasha mashine ya eksirei yenye umbo la upinde, inayoonyesha picha palepale wakati wa upasuaji. Ni mashine ya bei kubwa, inataka umeme wa uhakika na fundi wa kuitengeneza. Pasipokuwa nayo, wagonjwa wengi walibaki kwenye kapi na kamba.

Mwaka 1999 Lewis Zirkle, mpasuaji wa mifupa Mmarekani aliyewahi kuhudumu Vietnam wakati wa vita, alianzisha shirika la SIGN mjini Richland, jimbo la Washington, kwa ajili ya tatizo hilohilo. Msumari wao ni chuma kisichoshika kutu, kilichojaa, si bomba. Bomba lina uwazi ambamo vijidudu vinaweza kujificha. Uwazi wa mfupa unapanuliwa kwa kekee ya kuzungushwa kwa mkono. Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya komeo la chini, ambalo ndilo gumu na ndilo linaloanza.

Kabla msumari haujaingia mwilini, mpasuaji anaufunga mkono wa kulengea kwenye mpini wake, nje kabisa, mezani. Anausogeza mpaka matundu yake yaelekeane na ya msumari, anaukaza, kisha anaufungua. Msumari ukishaingia, mkono ule unarudishwa kama ulivyopimwa. Sasa anajua pa kutoboa, kwa kukadiria, kwa sababu msumari ukipita ndani ya mfupa unaweza kujipinda kidogo. Anatoboa ukuta wa karibu tu. Anaingiza kijiti cha chuma na kupapasa. Kikiteleza juu ya msumari, bado. Kikizama, anaushika mpini na kuuzungusha taratibu: kijiti kikizunguka pamoja nao, kimo tunduni. Hapo ndipo anatoboa ukuta wa mbali na kukaza skrubu. Jicho la mashine limerudishwa kwenye vidole, na vidole vimepewa njia ya kuhakiki kile vinachohisi. Kwangu mimi huo ni ubunifu mkubwa kuliko chuma chenyewe.

Msumari wa SIGN haumfai kila mgonjwa. Mvunjiko wazi wenye uchafu mwingi unaoshwa kwanza, wakati mwingine unashikiliwa kwa vyuma vya nje, na usaidizi wa vidole hauondoi haja ya chumba kisafi na mpasuaji aliyefundishwa vizuri. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge la Tanzania mwaka 1996, ni miongoni mwa hospitali zinazoutumia msumari huu.

Mgonjwa anayetoka mbali kurudi kupigwa eksirei ili ionekane kama mfupa umeunga ni nadra, nauli tu inamshinda. Kwa hiyo SIGN wanaomba picha: mgonjwa achuchumae, atabasamu. Kwa watu wanaochuchumaa jikoni, shambani na msalani, sioni kipimo cha haki zaidi. Paja lisiloshikana haliwezi kubeba mwili katika mkao ule, goti lililokakamaa halikunjiki, na uso wenye maumivu hautabasamu kwa urahisi.

Mjomba wangu hachuchumai. Chooni kwake kuna kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, na akisafiri kwenda msibani hukibeba.