Gazeti la Kukatwa

Mhariri wa gazeti la siasa hutamani nakala yake ihifadhiwe. Anayepanga kurasa za gazeti la muziki la vijana, wasomaji wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba, anajua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake itakatwa. Picha ya katikati itang'olewa na kubandikwa ukutani kwa gundi ya unga wa muhogo, maneno ya nyimbo yatanakiliwa, jalada litachakaa kwa kuazimwa, na mwezi ukiisha vitabaki vipande tu. Fundi hodari hapigani na hali hiyo. Anapanga kila ukurasa akijua mkasi utapita wapi. Ustadi huu nimeuhusudu kwa muda mrefu, na naona bado haujapata sifa unazostahili.

Nauwazia hasa kwa mji kama Kabondo-Dianda. Ni mji wa reli wa Haut-Lomami, Kongo, kati ya Kamina na Bukama, kwenye njia ile ya kampuni ya reli ya BCK iliyofika mwaka 1928 hadi Ilebo, mji ulioitwa Port-Francqui enzi hizo. Mtoto wa hapa anaweza kuongea Kiluba nyumbani, Kiswahili na wenzake, Kifaransa darasani, na jioni akaimba kwa Kilingala. Hakuna duka la magazeti la kupita asubuhi na kuchagua. Karatasi iliyochapishwa ikifika, imeletwa na mtu: mjomba aliyetoka Lubumbashi, mfanyabiashara aliyeshuka kwenye treni, mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka Kamina. Na ikishafika haiwi ya mtu mmoja. Inazunguka.

Kabla ya gazeti kuna kaye, yaani daftari, ya nyimbo. Aliyesoma sekondari huku Kongo ameiona, kama hakuwa nayo mwenyewe. Ni kaye ya kawaida ya shule, yenye miraba midogo ya hesabu. Jina la mwimbaji limeandikwa kwa biki nyekundu na kupigiwa mistari miwili kwa rula. Beti ni za biki ya buluu. Kiitikio kimezungushiwa fremu, na kila kinaporudi mwenye kaye haandiki tena maneno yote. Anaweka nyota ndogo nyekundu, nawe unajua urudi juu. Pembeni kuna picha iliyokatwa kwenye kalenda au kwenye boksi la bidhaa, na ua la kuchora kwa mkono kuziba nafasi iliyobaki. Mpangilio huo haukufundishwa na mwalimu. Binti wa miaka kumi na minne ameugundua mwenyewe kwa sababu alihitaji kuimba akiwa ameshika kaye kwa mkono mmoja. Mpangaji wa gazeti akiwa na akili ataanzia hapo, kwa heshima, kwa maana msomaji wake ameshafanya nusu ya kazi.

Kongo ilikuwa na gazeti lililowajua vijana wake kwa kiasi hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Achille Ngoye na Freddy Mulongo walikuwa Kinshasa wakitoa Jeunes pour Jeunes, gazeti la vijana la muziki, habari za mjini na hadithi za picha. Wachoraji kama Denis Boyau, Lepa Mabila Saye na Sima Lukombo waliwapa wasomaji wahusika waliofahamika mtaani: Apolosa yule polisi, Sinatra, Durango. Midomo yao ilichanganya Kifaransa, Kilingala na hindubill, lugha ya vijana wa Kinshasa waliolelewa na filamu za cowboy. Mapema miaka ya 1970, majina ya kigeni yalipokuwa yakiondolewa nchi nzima, gazeti likaitwa Kake, yaani radi. Ngoye alihamia Ufaransa baadaye, na mwaka 1996 riwaya yake ya upelelezi ikatoka katika mkusanyo maarufu wa Série noire wa Gallimard. Sishangai. Mtu aliyejifunza kuandika kwa ajili ya kisanduku kidogo cha maneno juu ya kichwa cha polisi anajua neno lipi likae na lipi litoke.

Ninachokisifu zaidi kwa watu wale ni kwamba hawakumwinamia kijana kutoka juu. Ukurasa ulijaa kwa sababu maisha ya msomaji yalijaa. Shujaaz, gazeti la hadithi za picha la Nairobi, lilipoanza mwaka 2010, likimtumia DJ Boyie, kijana mwenye redio ya siri anayeongea Sheng, lilifuata njia hiyo hiyo kwa mitaa mingine.

Ulaya nako mafundi wa kazi hii walikuwa wakijua mkasi unangoja. Bravo ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1956, ilibuni mwaka 1959 picha ya nyota yenye ukubwa wa mtu kamili, ikatolewa vipande vipande toleo hadi toleo. Wa kwanza alikuwa Brigitte Bardot. Msomaji alikata goti wiki hii, bega wiki ijayo, akaunganisha ukutani. Fikiria hesabu iliyomo: rangi ya ngozi katika toleo la leo lazima ilingane na ya mwezi uliopita, na mstari wa kukatia usipite jichoni. Kule Uingereza, Nick Logan alianzisha Smash Hits mwaka 1978 kwa wazo ambalo binti mwenye kaye angelielewa mara moja: chapa maneno ya nyimbo zinazovuma, kwa rangi, na picha kando yake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 toleo moja lilivuka nakala milioni.

Lakini utukufu wa kazi hii unaonekana vizuri zaidi pale vifaa vinapokuwa vichache. Chukua karatasi nne za A3, mashine ya fotokopi na stepla. Zikunje katikati, zipachike moja ndani ya nyingine, una gazeti la kurasa 16. Kurasa mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi, ukijumlisha namba zake, hupata 17 daima: 1 na 16, 2 na 15, mpaka katikati kabisa, 8 na 9. Hapo katikati ndipo pekee ambapo kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika, kwa hiyo ndipo picha kubwa inapokaa. Kila mpangaji anajua hilo. Asichokijua mwanagenzi ni kwamba nyuma ya picha hiyo kuna ukurasa wa 7 na wa 10. Picha ikipanda ukutani, kurasa hizo zimekwenda nayo. Ukiweka maneno ya wimbo mkubwa wa mwezi kwenye ukurasa wa 7, umemlazimisha msomaji achague kati ya sura na sauti, na huo ni ukatili usio na sababu. Kurasa za 7 na 10 ni za habari zinazochuja upesi: nani ametoa albamu, nani amehama bendi, matamasha yaliyopita.

Kanuni hiyo ukiifuata, inaenea gazeti zima. Kila jani lina uso na mgongo: 3 na 4, 5 na 6, 11 na 12. Upande mmoja upendwe, upande wa pili usomwe na kusahauliwa. Wimbo usiwe mgongoni mwa picha, wala picha mbili nzuri zisipeane migongo. Mtu akifungua gazeti lililopangwa hivi haoni chochote cha ajabu. Anakata tu, na kila anachokata hakimuumizi. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa mpangaji.

Mashine ya fotokopi ina tabia zake. Haichapi mpaka ukingoni. Huacha milimita kadhaa nyeupe pande zote. Mpangaji mvivu hutuma picha iliyojaa ukurasa, ikarudi imekatwa kidole na pembe ya kofia. Aliye makini huchora fremu yake mwenyewe kando ya weupe huo, upande wa ndani, weupe ukaonekana umekusudiwa, na fremu ikawa mstari wa kukatia. Weusi mpana hutoka na mabaka ya kijivu. Picha ya simu iliyopigwa usiku kwenye ukumbi hugeuka tope. Dawa yake ni kuondoa ukijivu wote na kubakiza weusi na weupe tu, paji la uso, taya, shingo ya gitaa. Au kumpa mchoraji airudie kwa kalamu. Papa Mfumu'eto wa Kinshasa aliwashika wasomaji wa mji mzima katika miaka ya 1990 kwa vijitabu vya Kilingala vya rangi moja, alivyovichora mwenyewe. Mstari mweusi wa mkono haupotezi kitu kwenye mashine mbovu. Zaidi ya hayo, wino wa fotokopi hubanduka penye mkunjo. Sura ya mwimbaji isipite mkunjoni kamwe. Isogee kidogo kushoto au kulia, na mkunjo upite kwenye shati. Pini nazo zisiwe karibu na macho.

Sasa maneno ya wimbo, na hapa nakaa kwa sababu ndiyo roho ya gazeti lenyewe.

Wimbo wa kwenye karatasi hausomwi kimya. Unaimbwa na vichwa vitatu vilivyoinama juu ya ukurasa mmoja, pengine kwa mwanga wa tochi ya simu. Herufi zikiwa ndogo, wa pembeni anabaki kuguna. Maandishi meupe juu ya weusi, ambayo wapangaji chipukizi wanayapenda, yanakufa kwenye mwanga huo. Na mstari ukatwe pale mwimbaji anapovuta pumzi, hata kama sentensi haijaisha. Ukikata kwa sarufi, mwimbaji anaishiwa pumzi katikati ya mstari na jicho linapotea. Kipimo nikipendacho ni rahisi: imba ukiwa umesimama, inua macho umtazame mwenzako, kisha yarudishe kwenye karatasi. Yakitua penyewe, ukurasa ni mzuri.

Halafu kuna lugha. Nyimbo nyingi ni za Kilingala, na msomaji wa Haut-Lomami anataka aziimbe zilivyo na pia ajue anaimba nini. Ukiweka tafsiri chini ya kila mstari, umevunja wimbo. Ukiirundika mwishoni, hakuna atakayeifikia. Safu mbili ndiyo njia: Kilingala kushoto kwa herufi nene, Kiswahili kulia kwa herufi nyembamba na ndogo kidogo, kila mstari ukitazamana na mwenzake. Tafsiri ikirefuka, usiiache iteremke na kuvuruga ulinganifu, irudi ifupishwe. Hapo mpangaji na mtafsiri watagombana, na wagombane. Wimbo wa sauti mbili, kama Yope Remix wa mwaka 2019 ambapo Innoss'B wa Goma yuko na Diamond Platnumz wa Dar es Salaam, unahitaji kitu kingine: kila sauti na unene wake wa herufi, ili marafiki wawili wagawane bila kuulizana.

Mabanga je, yale majina ya watu yanayotupwa ndani ya wimbo? Wapo wanaoyafuta, wakisema mtoto wa Kabondo-Dianda hawajui matajiri wa Kinshasa. Nadhani wanakosea. Yale majina ni sehemu ya sauti. Ukiyafuta, mwimbaji anaanguka shimoni katikati ya ubeti. Yachapwe kwa herufi nyembamba za mlalo, yasidai umakini, lakini yawepo. Sebene nayo, ile sehemu ya wimbo ambapo gitaa linatawala, haina mengi ya kuandika zaidi ya kelele za atalaku, mchangamshaji wa bendi, na wapangaji wengi huijaza kwa tangazo. Mimi ningeiachia nafasi wazi kweli, nusu safu nzima, kwa maana gitaa lina haki ya kuonekana kwenye ukurasa hata pasipo maneno. Hii ni nchi ya mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey kule Likasi mwaka 1952 akiwa na gitaa moja tu, na vidole vyake vikafika hadi Ulaya.

Ukurasa wa majina ya wasomaji ndio unaopimwa kwa ukali zaidi. Salamu, marafiki wa kalamu, waliopatia chemshabongo. Magazeti mengi huyabana kwa herufi ndogo kama sisimizi, kama ya kujaza pengo. Mpangaji ninayemsifu huyapanga kwa aina ile ile ya herufi aliyowapangia nyota, kwa ukubwa unaosomeka, na huhakikisha tahajia ya kila jina la Kiluba, Ilunga na Ngoy na Kabange, imetoka sawasawa. Jina likikosewa, binti hatalibandika kwenye kaye yake.

Jalada la nyuma, ukurasa wa 16, linachakaa kuliko yote, kwa hiyo liwe na kazi. Ratiba tupu ya masomo inafaa, Jumatatu hadi Jumamosi, yenye picha ndogo ya mwimbaji kwenye pembe. Visanduku vyake viwe na urefu wa milimita nane au zaidi, kwa sababu vitajazwa kwa biki, na karatasi isiwe ile laini inayong'aa, ambayo biki huteleza juu yake.