Weupe wa Karatasi Si Ubora Wake

Ukiulizia karatasi ya fotokopi mjini Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Kongo, muuzaji atakuwekea rame mezani na kuanza kuisifia rangi: "Papa, tazama, hii ni nyeupe kabisa." Weupe huo ndio unaouza, wala haukuambii kitu. Viwandani karatasi hutiwa dawa ya kung'arisha, na karatasi hafifu iliyotiwa dawa nyingi huwaka juani kuliko nzuri isiyotiwa. Kwa hiyo rangi iangalie mwisho.

Anza na mizani. Karatasi hutajwa kwa uzito wa gramu kwa mita ya mraba, na mita moja ya mraba hutoa karatasi 16 za A4. Karatasi moja ya gramu 80 basi ina gramu 5, na rame ya karatasi 500 ina kilo 2 na nusu. Rame ya gramu 70 haifiki kilo 2.2. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa mama anayeuza ndagala na umwombe mizani yake. Jalada limeandikwa 80 na mizani inasema 2.2? Umelipia maandishi ya jalada. Na gramu hizo kumi si jambo dogo: ukichapa pande mbili, maneno ya nyuma yanajitokeza mbele na msomaji anachoka upesi.

Lakini hapa ziwani adui mkubwa ni unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani, nyuzi zake zikavimba, kingo zikajikunja. Ndiyo sababu jalada la rame nzuri lina utando wa kuzuia unyevu, na ndiyo sababu rame iliyochanika safarini, iwe imevuka ziwa kutoka Kigoma au imekuja kwa treni, haifai hata kwa nusu bei. Ishike usawa wa jicho na utazame ukingo wake. Ukiona umefanya mawimbi, iache, maana kwenye mashine karatasi zitaingia mbili mbili na kukwama. Uliza pia ilihifadhiwa wapi. Tangu ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia mitaani, mwenye duka makini haweki karatasi sakafuni. Huipandisha juu ya mbao, mbali na ukuta. Nyumbani nako, usifungue rame mpaka siku ya kazi.

Kwa hati za ofisi kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote, nacho ni muhuri. Huku kwetu hati isiyo na muhuri si hati. Upige wenye wino wa kutosha, subiri kidogo, kisha sogeza macho kwenye herufi ndogo zinazozunguka duara. Karatasi iliyozuiwa vizuri isinyonye wino huuacha ukae juu, na kila herufi inabaki na kingo kali. Isiyozuiwa hunyonya, wino unaota mizizi midogo pande zote, herufi zinashikana, jina la komine linageuka doa. Cheti cha kuzaliwa kitakachotunzwa miaka 50 hakistahili karatasi ya namna hiyo.

Karatasi ya gazeti ni jambo jingine. Hutengenezwa kwa mti uliosagwa tu, na ile lignini inayoshikamanisha nyuzi za mti hubaki ndani yake. Iweke dirishani, nusu yake ikiwa chini ya kitabu: baada ya siku chache nusu iliyo wazi itakuwa ya manjano. Inatosha kwa habari za wiki. Madaftari ya bei ya chini kabisa nayo mara nyingi hutumia karatasi ya ukoo huo, na hilo linanikera, maana mtoto huandika humo masomo ya mwaka mzima.

Anayefungisha vitabu achunguze mwelekeo wa nyuzi. Chana ukanda mmoja kwa urefu wa karatasi na mwingine kwa upana. Ule uliochanika kwa mstari ulionyooka umefuata nyuzi; ule uliokwenda kombo umezikata. Katika kitabu nyuzi zilale sambamba na mgongo. Zikikingama, kurasa hukunjamana penye gundi na kitabu hakitulii kikifunguliwa.

Ninayoipenda kuliko zote ni karatasi ya kahawia ya mfuko wa saruji. Hiyo ni krafti. Mti hupikwa kwa njia aliyoibuni Mjerumani Carl Dahl mwaka 1879, njia inayoondoa sehemu kubwa ya lignini na kuziacha nyuzi ndefu bila kuzivunja. Ichane polepole: pembeni mwa mpasuko utaona nyuzi zimesimama kama manyoya. Karatasi chakavu iliyosindikwa upya na kutiwa rangi ya kahawia hukatika kavu, na ukiisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, mara nyingi rangi hutoka. Tangu serikali ilipotoa amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwishoni mwa 2017, wanaotafuta mifuko ya karatasi wana haja ya kuijua tofauti hiyo. Tabaka za mfuko wa saruji hufaa kufunikia madaftari, zikishakung'utwa. Mkate usifungwe humo kamwe: vumbi la saruji huchoma. Wala mandazi ya moto yasifungwe kwa gazeti, maana mafuta huvuta wino.

Kwa kartoni, tazama ukingo uliokatwa. Kati ya kuta mbili pana karatasi ya mawimbi, na mawimbi hayo lazima yasimame wima boksi likiwa limewekwa, kwa kuwa ndiyo nguzo zinazobeba maboksi ya juu. Yakiwa yamelala, boksi la chini litabonyea kabla boti haijafika Moba. Minya ukuta kwa kidole gumba na cha shahada, kisha achia. Ukijaa tena, nunua. Ukibaki bapa, kartoni hiyo imeshabeba mzigo wa mtu mwingine au imelala penye unyevu, na gundi haiwezi kuirudishia nguvu.