Chura na Mizani ya Lugha Ngeni

Wako wafasiri walalamikao kwamba Kiswahili kina upungufu, kwa kuwa neno chura hubeba wanyama ambao Kiingereza huwapa majina mawili: yule mwenye ngozi laini arukaye mbali, na yule mwenye chunjua akaaye zaidi nchi kavu. Lalamiko hili limekwisha kuingia madarasani mwetu, na hapana budi lichunguzwe.

Kwanza, elimu ya viumbe haiutambui mgawanyo huo. Vyura wote, ambao aina zao zilizokwisha kuelezwa ni zaidi ya 7,000, wamo katika oda moja, Anura. Na ukoo wa Bufonidae, udhaniwao kuwa ndio wa wenye chunjua, ni tawi lake mojawapo tu. Mgawanyo wa Kiingereza uliwafaa vyura wachache wa Uingereza. Ulipovushwa bahari ulikosa mashiko. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa Tanzania mwaka 1996, ni wa Bufonidae, lakini ni mdogo mno, tena huzaa watoto kamili badala ya kutaga mayai. Kiswahili, kwa kumwita chura tu, ki karibu zaidi na sayansi.

Pili, upungufu wa kweli uko kwingine. Mwaka 1932 Loveridge alieleza amfibia wa oda nyingine, asiye na miguu, aishiye udongoni, akamwita Boulengerula changamwensis kwa kuwa alipatikana Changamwe, ng'ambo tu ya Makupa ukitoka kisiwani Mombasa. Jina la mtaa wetu limeingia katika Kilatini. Lakini mwanafunzi wa Mji wa Kale akimfukua mnyama huyo, atamwitaje ila nyungunyungu?

Kwa maoni yetu, mtunga kamusi asianze na orodha ya Kiingereza kisha akaitafutia visawe. Aanze na mnyama mwenyewe na watu wamjuao: wachimba visima na wakulima wa mpunga. Methali yetu ya kelele za chura humtaja kwa sauti yake. Na sauti ndiyo pia itumiwayo na wataalamu kutenga aina zilizofanana kwa umbo.

Basi chura libaki jina la oda nzima, na aina zibainishwe kwa maelezo ya Kiswahili, kama vile chura wa mitini atagaye katika povu. Istilahi itungwe penye pengo, si penye kivuli cha lugha ya watu.