Kilio cha Haki na Hadhira ya Garissa

Mauaji ya Bulla Kartasi, Garissa, ya Novemba 1980, yamo katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013. Kwa hadhira iliyonyamazishwa muda mrefu namna hiyo, tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), ina uzito wa pekee. Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi, hafarijiwi jukwaani, anadai. Wako watakaouona huo kuwa upungufu. La hasha: faraja itolewayo kabla ya dai kusikika humnyamazisha mdai mara ya pili. Mtunzi mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1982, na mengi ya mashairi ya Chembe cha Moyo (1988) yalitungwa humo. Katika diwani hiyo moyo umepewa nafasi ambayo jukwaa, kwa haki kabisa, liliunyima.