Jiko la Udongo na Neno la Mpishi

Pale Shauri Moyo, Nairobi, nyundo hazipumziki. Fundi anakata pipa kuukuu, analaza bati juu ya kipande cha reli na kuligonga hadi lipate kiuno cha jiko: juu pana, katikati jembamba, chini pana tena. Kila nikipita husimama kukitazama kiuno hicho, maana kimefinyangwa na maneno ya wapishi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walileta Kenya wazo kutoka Thailand: jiko la umbo la ndoo, lililotandazwa udongo wa kuchoma ndani ili joto lisipotelee ubavuni. Wazo zuri, ila ndoo ina kitako chembamba. Anayesonga ugali huukamata mwiko kwa nguvu, akakandamiza, akageuza, akakandamiza tena. Jiko likiyumba, sufuria inayotokota iko karibu na magoti yake, na pengine mtoto kakaa hapo hapo.

Majiko ya majaribio yakapelekwa majumbani, waliopika wakaulizwa, na majibu yao yakarudi kwenye nyundo. Kitako kikapanuliwa kama cha jiko la bati lililozoeleka. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, panapokaa makaa, na uzito ukapungua.

Ninachokistahi zaidi ni sikio la fundi. Mpishi haji na vipimo. Huja akisema jiko linakula makaa, au sufuria imeinama. Fundi hugeuza jiko taratibu, akapitisha kidole mdomoni, akaangalia vile vyuma vitatu vya kuegemezea sufuria, mpaka ajue lalamiko lile ni bati kiasi gani la kuongeza au kupunguza. Kazi hiyo haina haraka.

Umbo lenyewe likaachwa wazi, kila fundi akaiga. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko haya yalizidi 700,000 nchini Kenya, na mafundi wa Tanzania, Uganda na Rwanda nao walikuwa wakiyatengeneza. Likitengenezwa vizuri, hupunguza makaa kwa theluthi moja hivi. Lakini kuigana kulileta pia udongo usioiva, unaopasuka mapema.

Basi jiko lako likipasuka, usilitupe kimya kimya. Lirudishe kwa fundi, umwonyeshe ufa ulipoanzia.