Rangi ya Majivu: Waelfi wa mchezo «Morrowind»

Vijana wetu wa mijini wanajua michezo ya video, na hata wanafunzi wa seminari huicheza wakati wa vakansi. Wengine kati yetu husema: «Ni upuzi wa watoto, tuuache.» Sisi hatuoni hivyo. Mchezo unaomshika kijana saa nyingi humfundisha, apende asipende. Basi yafaa tuupime kama tunavyopima kitabu ao sinema, tukitaja wema wake na ubaya wake pasipo upendeleo.

Tumechagua mchezo mmoja, «The Elder Scrolls III: Morrowind», uliotolewa mwaka 2002 na kampuni Bethesda ya Marekani. Umri wake si mdogo, lakini bado wachezwa, na michezo mingi imefuata njia yake. Hatutaeleza mambo yote yaliyomo. Twataka kutazama neno moja tu: namna walivyowaumba waelfi wake.

Mwelfi (tusimchanganye na elfu ya hesabu!) ni kiumbe wa hadithi za Ulaya ya kaskazini. Katika karne ya 13, Snorri Sturluson wa Islandi aliandika ya kwamba wako waelfi wa namna mbili: wa nuru, wazuri kuliko jua, na wa giza, weusi kuliko lami. Msomaji aangalie vizuri: toka zamani hizo, rangi imekwisha kuwekwa mahali pa tabia.

Tolkien, mwandishi Mkatoliki wa Uingereza aliyezaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1892, aliwapa waelfi heshima kubwa katika «The Lord of the Rings» (1954-1955). Aliwafanya watu wa maisha yasiyokwisha, wenye hekima na nyimbo. Lakini katika «The Silmarillion», kitabu kilichotolewa mwaka 1977 baada ya kufa kwake, waelfi hao wazuri wanawaua ndugu zao kwa kutamani vito na merikebu. Kwake uzuri wa uso haukuwa dawa ya dhambi. Wafuasi wake hawakushika sikuzote somo hilo. Mchezo «Dungeons & Dragons» ulianza mwaka 1974, na miaka michache baadaye waliingizwa humo waelfi wanaoitwa «drow»: ngozi nyeusi, nywele nyeupe, makao chini ya ardhi, na ubaya kama desturi ya kabila zima.

Sasa tuelewe kazi ya mchoraji wa michezo. Mwandishi wa kitabu ana kurasa nyingi za kueleza moyo wa mtu. Mchoraji hana nafasi hiyo: mchezaji anamwona mtu kwa mbali, kwa nukta chache, kisha apita. Kwa hiyo umbo lazima liseme kabla ya maneno. Ndiyo sababu waelfi karibu wote wana masikio yenye ncha: hayo ni alama ya kutambulisha kabila, sawa vazi linavyomtambulisha mtawa. Vyombo vya mchoraji ni hivi: masikio, urefu, macho, ngozi, sauti, nguo na nyumba. Hatari yake nayo yajulikana. Umbo linaposema kabla ya matendo, yaweza pia kuhukumu kabla ya matendo.

Tuanze kwa kusifu, maana sifa zastahili. Wenyeji wa Morrowind ni waelfi wa giza, wanaoitwa Dunmer. Ngozi yao ni ya majivu, macho yao ni mekundu, sauti yao ya kukwaruza. Mambo hayo yapatana na nchi yao. Katikati ya kisiwa wanamokaa pana mlima wa moto. Upepo wa majivu wavuma, na wapita njia huinua mkono kulinda macho. Katika mji wa Ald'ruhn wakubwa hukaa ndani ya gamba la kaa mkubwa aliyekufa zamani. Wachawi wa ukoo wa Telvanni hukaa ndani ya uyoga uliokuzwa kuwa mnara. Wachungaji wa jangwani hukaa katika hema. Kabila moja, lakini maisha namna nyingi, na ugomvi mwingi kati yao. Hapa mchoraji amefanya kazi ya kweli: hakuchukua mwelfi wa msituni wa kila siku na kumpaka rangi ingine tu.

Tena watu hawa si wabaya wote, wala si watakatifu. Wana dini, mashairi, heshima ya wazee waliokufa. Wanatawaliwa na ufalme wa kigeni, na uchungu wa jambo hilo waonekana. Lakini wao wenyewe wanawashika watu wa makabila mengine katika utumwa, na wako kati yao waelfi wanaosaidia kwa siri kuwafungua. Wema na ubaya wakaa ndani ya watu, kila mmoja kwa matendo yake.

Lakini tuna neno la kulaumu. Kufuatana na hadithi ya mchezo, babu za Dunmer walikuwa na ngozi ya dhahabu. Wakuu wao waliiba uwezo wa kimungu, wakavunja kiapo. Ndipo Azura, waliyekuwa wakimwabudu, alipowatokea, na taifa zima likageuka rangi ya majivu, wazazi na watoto, wenye kosa na wasio na kosa, hata mwisho wa nyakati.

Sisi watu wa Afrika tunaijua hadithi ya namna hii. Miaka mingi watu walifundisha ya kwamba weusi wa ngozi yetu ni laana ya Hamu, na kwa fundisho hilo walihalalisha utumwa. Lakini sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo yasema wazi: Noe alimlaani Kanaani, si Hamu, wala hakuna hapo hata neno moja juu ya rangi ya ngozi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, akataa ya kwamba mwana achukue kosa la baba yake. Na Bwana wetu, alipoulizwa juu ya kipofu ni nani aliyekosa, yeye ao wazazi wake, alikataa maulizo yenyewe. Basi mchezo unaotumia ngozi kama karatasi ya hukumu, hata ikiwa ngozi ya majivu ya watu wasiokuwako, warudisha mlangoni uongo uliokwisha kufukuzwa kwa taabu.

Mtu atatujibu: «Katika mchezo huo huo habari hizi zasimuliwa na mashahidi wengi wasiopatana.» Ni kweli, na jibu hilo lina nguvu. Hekalu lasema hivi, wachungaji wa jangwani wasema vile, mapadri waliojitenga na hekalu wana maandiko yao ya siri. Mchezaji hana budi kupima ushuhuda, kazi njema kwa akili ya kijana. Lakini mashahidi hao wanabishana zaidi juu ya nani alimwua jemadari wao. Kwamba ngozi iligeuka kwa sababu ya tendo la wakuu, jambo hilo labaki bila mshindani wa kutosha. Shaka imewekwa mahali pengi, haikuwekwa hapo palipohitaji zaidi.

Liko kosa la pili, dogo kwa sura, kubwa kwa maana. Mchezaji achagua mtu wake kati ya mataifa 10, na kila taifa lina hesabu zake. Waelfi warefu huanza na akili 50. Wanord, weupe wa kaskazini, na Waredguard, watu wenye ngozi nyeusi, huanza na 30. Mazoezi yaweza kuongeza hesabu hiyo, lakini mwanzo wake umefungwa na damu. Kwa nini hesabu isitoke katika malezi, kazi na shule? Mchezo wenyewe una njia hiyo tayari, maana mchezaji huchagua pia kazi ya mtu wake, nayo huongeza uwezo.

Hukumu yetu ni hii. Waelfi wa Morrowind wapita wengine wengi tuliowaona, kwa sababu nchi yao, nyumba zao na ugomvi wao vyawafanya watu kweli. Lakini mchoraji alipokwisha kuwapa mlima wa moto na majivu yake, sababu ya rangi ilikuwa imepatikana, hakuhitaji laana. Angeacha mlima useme, kazi yake ingekuwa nzuri zaidi na ya haki zaidi.

Ndugu katekista, kijana wa parokia akikuonyesha mchezo kama huu, usimnyang'anye mara moja. Muulize kwanza: «Watu hawa, ni nani aliyewahukumu, na kwa tendo gani?» Akijibu kwa matendo yao, acha acheze. Akijibu kwa rangi yao, somo lako limeanza.