Kulijua kapu zuri la miyaa

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, kapu la miyaa limerudi sokoni kwa heshima. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi wa Kongowea na Likoni hulichagua kwa rangi. Rangi ni ya kuangaliwa mwisho. Kapu ni ukili, yaani ule mkanda uliosukwa kwa miyaa, na mshono.

Miyaa hutoka kwenye mkoma, mti uliojaa Kwale na Kilifi. Msukaji mjuzi hutaka kuti changa ambalo bado halijafunguka, kwa kuwa likianikwa huwa jeupe na laini. Kuti lililokomaa hubaki na ukijani, tena hukatika likikunjwa. Basi bana mdomo wa kapu kwa vidole, ukunje, usikilize. Ukisikia mlio wa kuvunjika, lirudishe. Kisha liinue kwenye mwanga uchungulie ndani. Vitundu vilivyotapakaa ubavuni mara nyingi ni dalili kwamba miyaa ilisukwa haijakauka sawasawa, halafu ikanywea. Hilo halina dawa.

Ukiwa humo ndani, tazama chane, yaani vile vipande vya miyaa vilivyochanwa vya kusukia. Moja ikiisha hupachikwa nyingine, na ncha zake hupunguzwa kwa kisu. Zisibaki ndefu zikachoma mkono, wala zisikatwe mno hadi chane ikachomoka. Chane nyembamba ni kazi kubwa na bei yake ni halali, ila kapu la mihogo mimi hulitaka la chane pana. Ulaini wa nini mle?

Kwenye mshono ndipo usione haya kukawia, hata muuzaji akinuna. Ukili hushonwa ukizungushwa kuanzia kitakoni kwenda juu, ukingo ukikamata ukingo. Kazi ikiwa nzuri, macho hayauoni mshono, labda ukucha. Jaribu kupenyeza ncha ya kidole kati ya mzunguko na mzunguko, hasa pale kitako kinapogeuka kuwa ubavu. Hapo ukili hulazimishwa kupinda, na mshonaji mwenye haraka hupitisha uzi mbali mbali. Kidole kikipenya leo, kesho itapenya ndimu. Uzi wa nailoni ni imara, lakini ukikazwa kupita kiasi huukata ukili wenyewe. Uzi wa miyaa iliyosokotwa huzeeka pamoja na kapu.

Mikono iliyoshonwa mdomoni tu ni pambo. Nunua kapu ambalo kamba yake imeteremka ubavuni, na ikipita chini ya kitako ni bora zaidi.

Sasa rangi: lowesha kidole gumba, usugue. Ikitoka, siku ya mvua itahamia kwenye kanzu yako. Nusa pia, maana harufu ya ukungu haifichiki kwa rangi.

Makapu ya mikanda ya plastiki siyadharau. Kwa samaki yanafaa kuliko miyaa, kwani hayanywi maji.

Ama kifumbu, kile kifuko cha kusukwa cha kukamulia tui, kina hukumu yake peke yake. Usinunue chenye rangi hata kama ni nzuri vipi. Kivute mdomo na kitako pande mbili: kinyooke bila kufumuka, na ukikiachia kirudi. Kilicholegea hupitisha chicha, na kilichokazwa mno kitakuchosha mikono kabla tui zito halijatoka.